Ndege Isiyo na Injini
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kiberege)



Nilipokuwa nasoma hapa nilikataa kujiunga na chama cha sayansi kwa kuwa hakikuwa na vifaa. Jambo hilo hunichoma mpaka leo, ndiyo maana nimechagua habari hii.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwabana Wajerumani wasiunde ndege za injini kwa uhuru. Wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Hannover hawakukaa kulalamika. Mwaka 1921, wakiongozwa na mhandisi Georg Madelung, waliunda ndege isiyo na injini iliyoitwa Vampyr. Mabawa yake, mita 12.6 toka ncha hadi ncha, yalishikwa na boriti moja tu. Mbele ya boriti walizungushia plaiwudi nyembamba, pakawa kama bomba lisilojipinda kirahisi. Nyuma walifunika kwa kitambaa ili yawe mepesi.

Agosti 1922, katika mlima Wasserkuppe, Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa moja. Siku chache baadaye Friedrich Hentzen alipita saa tatu. Kilichowabeba ni upepo unaopanda ukigonga mlima, kama ule unaowainua tai wetu kwenye miteremko ya Udzungwa bila kupiga bawa.

Vijana, msingoje vifaa kama nilivyongoja mimi. Naahidi kuleta plaiwudi na gundi ya kuanzia. Kuunda ni kazi yenu.