Akiba ya Betri na Akiba ya Miguu: Safari Ndefu kwa Gurudumu Moja la Umeme

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenipa robo saa nizungumze juu ya chombo kilichozungukwa na vijana pale uwanjani tangu asubuhi. Vijana hao wameniuliza maswali matatu: kinakwenda umbali gani, kinachajiwa vipi, na je, kukipanda ni mazoezi au ni uvivu? Nitayajibu yote matatu. Lakini jawabu lake kwa jumla limo katika methali tuliyofundishwa hapa hapa shuleni: akiba haiozi.

Kwanza nikieleze chombo chenyewe. Ni gurudumu moja, lina mota na betri ndani yake, na vikanyagio viwili pembeni. Halina usukani wala breki. Trevor Blackwell alijitengenezea la kwake mwaka 2004, na mwaka 2011 Shane Chen, Mmarekani mzaliwa wa China, akaanza kuliuza la aina ya Solowheel ambalo ndilo mama wa haya ya leo. Ukiinama mbele, kihisi kilichomo ndani hutambua mwinamo huo, na mota huongeza mwendo ili gurudumu lirudi chini ya uzito wako. Ukiegemea nyuma, hupunguza. Sheria zake hazifanani duniani. Ufaransa ililitambua katika kanuni za barabarani mwezi Oktoba 2019 na kuliwekea kikomo cha kilomita 25 kwa saa, ilhali Uingereza hairuhusu liendeshwe katika barabara za umma.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa vijana. Pikipiki ikiishiwa mafuta Mapinga, utaikokota mpaka kituoni, na utakachopoteza ni jasho na muda. Gurudumu hili si hivyo. Umeme hauliendeshi tu, bali ndio unaokusimamisha wewe. Betri ya volti 84 ni seli 20 zilizopangwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 4.2 inapojaa. Zikishuka hadi volti 3.3, jumla inabaki 66. Volti zikipungua, mwendo wa juu kabisa wa mota nao hupungua, na nguvu ya kukuinua unapoinama inakuwa haba. Ndiyo maana betri ikikaribia mwisho chombo hupiga kelele na kuvinyanyua vikanyagio mbele, kikikuambia punguza mwendo. Anayelazimisha ataanguka kifudifudi. Kwa hiyo robo ya mwisho ya betri si ya safari. Hiyo ni ya kukuweka wima.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni gurudumu lenye betri ya wati-saa 1,500, na mtu wa makamo kama sisi, si mwembamba, anayekwenda kwa utulivu. Tuseme anatumia wati-saa 20 kwa kilomita. Ukigawanya unapata kilomita 75. Tangazo la dukani laweza kusema zaidi, maana hesabu za namna hiyo hufanywa kwa mtu mwepesi, mwendo wa polepole na barabara tambarare. Sasa toa ile robo ya akiba. Zinabaki wati-saa 1,125, yaani kilomita 56. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 60 na ushei. Maana yake ni kwamba mtu aliyesoma tangazo anaiona Bagamoyo karibu, na aliyefanya hesabu anajua kwamba hafiki bila kuchaji njiani.

Na hesabu hiyo hubadilika. Waliosoma fizikia hapa watakumbuka kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa huwa mara nne. Anayekimbia kilomita 40 kwa saa badala ya 20 anatumia mara nne ya nishati ya kupasua hewa katika kila kilomita. Upepo nao una neno. Wazee wetu wa majahazi walisafiri kwa kusi na kaskazi, na msafiri wa gurudumu afuate elimu yao: wakati wa kusi, upepo utakusukuma uendapo Bagamoyo, lakini utakukabili usoni urudipo. Usipime safari nzima kwa urahisi wa nusu ya kwanza.

Milima vilevile. Mtu na chombo chake wakiwa na kilo 120, kupanda mita 1,000 kunadai wati-saa 327 kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote, na hicho ndicho kimo kinachotenganisha Mombo na Lushoto kwa kukadiria. Wakati wa kushuka mambo yanageuka. Mota inakuwa breki na kurudisha umeme kwenye betri. Ni jambo zuri, isipokuwa kwa aliyeondoka Lushoto na betri iliyojaa pomoni. Umeme hauna pa kuingia, na chombo kitaanza kulalamika mteremkoni. Anayeanzia juu aache nafasi.

Swali la pili ni la kuchaji. Chaja ya volti 84 na ampea 5 inatoa wati 420. Hiyo ni chini ya nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000. Kwa saa moja unapata kama wati-saa 400, yaani kilomita 20 za njia. Kwa hiyo msafiri wetu akipumzika saa moja Kerege anafika Bagamoyo na akiba yake haijaguswa. Kurudi siku hiyo hiyo ni saa mbili hadi tatu za kuchaji Bagamoyo na saa nyingine njiani. Anayeomba plagi kwa kinyozi au kwa mama lishe aseme mapema kwamba atatumia kiasi cha nusu uniti, na alipe bila kungoja kudaiwa. Luku ya mwenzako ni mali yake.

Jueni pia kwamba chaja hujaza kwa nguvu yake yote mpaka betri ikaribie kujaa, kisha hupunguza mkondo kidogo kidogo. Sehemu ya mwisho inakula muda mwingi kwa umbali mchache. Njiani, chaji kiasi kinachokufikisha ukiwa na akiba, uondoke. Kujaza mpaka juu ni kazi ya nyumbani. Lakini nyumbani nako, usichaji ukiwa umelala, wala mbele ya mlango mnaoutegemea kutokea. Betri za lithiamu zikishika moto huwaka kwa ukali na kuzimika kwa shida. Usichaji betri iliyotoka juani ikiwa bado ya moto, wala iliyoingia maji. Na msidhani mtaibeba ndani ya ndege ya abiria. Kikomo cha betri ya abiria ni wati-saa 160, na hii ni zaidi ya mara tisa ya hapo.

Swali la tatu ndilo linalotuhusu sisi tuliovuka miaka 40, tunaokaa kitini tangu saa moja na nusu asubuhi mpaka jioni. Je, gurudumu ni mazoezi? Nitasema kweli. Kusimama juu yake kunatumikisha ndama, mapaja, kiuno na misuli midogo ya vifundo vya miguu, hasa kwa anayejifunza. Lakini kazi ya kusafiri inafanywa na mota. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Mzoefu aliye juu ya gurudumu katika barabara tambarare anaweza kuimba beti zote. Basi asijidanganye kwamba ametimiza.

Dawa yake imo katika safari yenyewe. Miguu hufa ganzi kwa kusimama mahali pamoja, hivyo kila nusu saa teremka, nyoosha viungo, tembea kidogo. Na ile saa ya kuchaji isiwe saa ya chipsi na soda. Mwende watatu. Mmoja alinde chaja, wawili watembee kwa haraka, kutoka Ngome Kongwe ya Bagamoyo hadi Misheni na kurudi, kisha mpokezane. Mashine inapokula umeme, mwili nao upate kazi yake. Safari ya namna hiyo inampa mtu zaidi ya saa moja ya mwendo wa miguu kwa siku.

Akiba ya betri ina ndugu yake, nayo ni akiba ya miguu. Aliyechoka huinama vibaya na huchelewa kuona shimo. Betri ikiwa nusu na miguu ikiwa imekwisha, safari imekwisha, hata kama mji unaonekana. Pakieni chombo garini mrudi nyumbani. Na siku zote vaeni kofia ngumu na vikinga viganja, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza mikono.

Ndugu zangu, katika majina yaliyosomwa leo asubuhi ya wenzetu waliotangulia, wengi tulikaa nao dawati moja, na baadhi yao walichukuliwa na shinikizo la damu na kisukari kabla ya kustaafu. Siwaombi mnunue gurudumu. Nawaomba kila mmoja apige hesabu ya safari yake akianzia kwenye akiba, wala si kwenye tangazo, na atembee wakati bado miguu inamtii.