Kazi Haijaisha Mpaka Mwenyewe Apokee

Maneno ya komite kwenye mkutano wa memba, Baraka



Leo tunaongea juu ya alama moja ndogo, herufi x, na juu ya mabati ya mama mmoja.

Mnajua orodha ya kazi zetu inakaa ndani ya telefone ya sekretere. Ni maandishi matupu, kila kazi na mstari wake. Haitaki intaneti. Lakini tulikuwa na desturi mbaya: kazi ikiisha, tunafuta mstari.

Msimu wa mvua uliopita tulipakia mabati 20 hapa Baraka, yaende Fizi kwa mama mjane aliyerudi toka Nyarugusu. Lori lilipoondoka tukasema imekwisha, tukafuta. Kumbe lori lilikwama kwenye matope, mabati yakashushwa na kuwekwa kwa watu njiani. Miezi miwili mama na wajukuu wake walilala chini ya shitingi inayovuja. Sisi tulilala vizuri, maana orodha ilisema hatuna deni. Mfadhili alipouliza habari ya mabati, tulitafuta mstari, tukaukosa. Kosa ni letu, si la dereva.

Ndugu, tulisahau tulichojifunza kambini. Kadi ya rasheni haikuchanwa baada ya mgao, ilitobolewa tundu. Ukiiangalia, uliona yaliyopita na yaliyobaki.

Basi tumechukua mtindo unaoitwa todo.txt, ulioanzishwa mwaka 2006 na Gina Trapani wa Marekani. Kazi ikiisha, mwanzoni mwa mstari unatia x ndogo, unaacha nafasi, unaandika tarehe ya kumaliza. Tarehe ambayo kazi iliandikwa inabaki nyuma yake. Tuseme mstari ni huu:

2025-03-04 Kufikisha mabati 20 kwa mama +nyumba @Fizi

Ukiisha unakuwa hivi:

x 2025-03-19 2025-03-04 Kufikisha mabati 20 kwa mama +nyumba @Fizi

Hapo kila mtu anaona: siku 15. Mwaka unatangulia, halafu mwezi, halafu siku, ili mistari ikipangwa tarehe zifuatane. Yenye x inashuka chini pamoja, ambayo bado inabaki juu mbele ya macho. Mwisho wa mwezi yenye x inahamishiwa faili nyingine, done.txt. Haifutwi.

Lakini herufi yenyewe haijui ukweli. Kwa hiyo tumeongeza sharti letu: kupakia ni mstari mmoja, kufikisha ni mstari mwingine. Na x ya kufikisha haitiwi mpaka mpokeaji mwenyewe, au jirani yake, aseme kwa mdomo wake kwamba amepokea. Aliyefanya kazi asijitilie alama.

Kila mkutano orodha itasomwa kwa sauti, na marafiki wa mbali watatumiwa faili zote mbili.

Yale mabati tuliyafuata wenyewe, yamefika, mama amethibitisha. Tumetia x. Lakini leo bado mistari 4 haina x, na wa kwanza ni wake: kupigilia paa. Mabati yameegemezwa ukutani, mvua inarudi.

Nani anakuja Jumamosi na nyundo? Atoe jina kwa sekretere kabla ya kutoka hapa.