Hesabu za Afya kwa Picha

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wawakilishi wa wafanya kazi)

Ndugu wanachama,

Leo tunataka kusema juu ya hesabu za afya, na namna ya kuzionyesha kwa picha. Karatasi iliyojaa tarakimu wengi wetu huitazama mara moja tu, kisha huikunja. Lakini picha iliyochorwa vizuri huelewa aliyesoma na asiyesoma.

Jambo hili si geni. Mwaka 1925 Bwana Otto Neurath alifungua jumba la maonyesho mjini Vienna, nchi ya Austria, ili watu wote wa mji waone mambo ya afya, nyumba na kazi kwa picha. Sheria yake ilikuwa hii: hesabu ikizidi, picha ziongezwe, picha yenyewe isikuzwe. Kwani ukimchora mtu mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, jicho litaona mara nne, na hapo umekwisha danganya.

Tutoe mfano wa Kenya. Utafiti wa Serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, 26 walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 18. Basi picha moja na iwe watoto 2. Kwa mwaka 2014 tunachora picha 50, tunapaka wino 13. Kwa mwaka 2022 tunachora 50 vile vile, tunapaka 9. Chini tunaandika maana ya picha moja, na mahali hesabu zilipotoka.

Sasa tuje kazini kwetu. Tunataka kujua ni wangapi wanaokohoa kila siku penye vumbi. Tuseme tumewauliza watu 60, na picha moja ni watu 5: picha ni 12. Wakiwa 15 wanakohoa, tutapaka wino 3. Ikiwa 10 hawakujibu, picha zao 2 zipewe alama ya peke yake. Tusiwahesabu kuwa wazima wala wagonjwa. Majina yasiandikwe, maana anayeogopa kufukuzwa kazi hatasema kweli.

Ndugu, picha hii tutaiweka mezani mbele ya tajiri. Tukitia chumvi katika picha moja tu, atazikataa zote, na wanaokohoa wataendelea kukohoa. Basi tuchore kweli tupu.

Umoja ni nguvu.