Sadaka ya Noeli Haina Kabila

Ndugu wasikilizaji wa Kindu, mababa na mamama mliohama makwao kwa ajili ya vita, nanyi machifu wa mitaa:

Noeli inakaribia. Tutasali, tutaimba, kisha makanisa yatagawa mchele, chumvi na sabuni. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa: "Huyu si wa kanisa letu. Yule si wa kabila letu."

Tuwaangalie Wapresbiteri, walioanza kazi Luebo, Kasai, mwaka 1891. Kwao pasta hatawali peke yake: wazee huchaguliwa na waamini, na mashemasi huangalia maskini. Pasta wao William Sheppard aliandika juu ya mateso ya Wakuba waliolazimishwa kutafuta mpira porini. Kampani ikamshtaki, mwaka 1909 mahakama ya Léopoldville ikamwachilia. Wakuba wengi hawakuwa wa kanisa lake, lakini aliwatetea.

Sheria nayo ni hiyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao zinakataza kuwabagua kwa dini au kabila.

Basi viongozi, andikeni orodha pamoja na wahamaji wenyewe. Isomwe mbele ya wote kabla gunia halijafunguliwa. Wajane, wagonjwa na yatima watangulie, hata wakiwa Waislamu. Nanyi mliohama, jina likirukwa, ulizeni kwa upole. Kuuliza ni haki yenu.

Vita havikuuliza dini ya mtu. Sadaka nayo isiulize.

Noeli ya amani kwenu.