MSAMAHA UPO, NAULI HAIPO

Hotuba kwa vijana wa Tanga kuhusu saratani ya mlango wa kizazi

Ndugu zangu vijana, mmezoea kuitwa kwenye mikutano kuambiwa habari za kura. Leo nawaletea habari ya ugonjwa ambao kijiweni hauzungumzwi, kwa kuwa tumeaminishwa kwamba ni mambo ya kina mama. Uongo! Kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi kinaitwa HPV, na mwanamke hukipata kwa kujamiiana. Sasa anakipata kwa nani? Kwa nyani wa msitu wa Amani? Anakipata kwangu na kwako. Tunakibeba bila homa, bila kipele, hatujui kitu. Kondomu inapunguza hatari lakini haiimalizi.

Makadirio ya wataalamu wa dunia kwa mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania kuugua saratani hii, na zaidi ya 6,000 kufa. Wengi hufika hospitalini ugonjwa umekwisha komaa.

Na hapa ndipo penye hasira yangu. Ugonjwa huu hauna haraka. Tangu kirusi kipige kambi mpaka saratani ijitokeze hupita miaka 10, 15, hata 20, ingawa kwa mwenye VVU asiyepata dawa huwa mifupi zaidi. Miaka yote hiyo unaweza kukamatwa kwa siki. Ndiyo, siki! Mhudumu aliyefundishwa hupaka asidi ya siki iliyopimwa, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kwa macho yake. Penye hatari hugeuka peupe. Mara nyingi pakigeuka hugandishwa kwa baridi kali au huchomwa kwa joto siku hiyo hiyo, mama akarudi kwake Makorora kupika futari. Hapatakiwi mashine ya mabilioni. Serikali inayonunua mashangingi kila bajeti haiwezi kutuambia kwamba siki imeishinda.

Akikosa siki, mama huyo ataisubiri mionzi. Mionzi kwa mtu wa Tanga ni Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo ya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi kwa sheria mwaka 1996. Bugando nayo ilipata mionzi, lakini Bugando iko Mwanza. KCMC pale Moshi ilifungua kituo cha saratani Desemba 2016, na Moshi nako si Pangani. Mionzi ni wiki tano au sita, karibu kila siku ya kazi.

Mtaambiwa matibabu ya saratani ni bure. Kwenye sera, ni kweli. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wakubwa wa Benki ya Dunia wakipiga makofi, serikali ilitoa misamaha kwa wajawazito, watoto wadogo na wenye magonjwa sugu, saratani ikiwamo. Haya, mchukue bi mkubwa kutoka Mkinga na karatasi yake ya msamaha. Konda wa basi pale Kange anaipokea? Asiyelazwa wodini atalala wapi Dar wiki sita? Anayemsindikiza atakula nini, na genge lake ataliuza nani? Dawa ikikosekana dirishani, duka la nje nalo linasamehe? Mlalahoi hapo huuza mbuzi, halafu minazi, halafu hurudi nyumbani mionzi ikiwa nusu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliuawa na saratani ya damu, Oktoba 14, 1999, akiwa hospitali ya St Thomas' jijini London. Simlaumu, alistahili kila tiba. Ninachouliza ni kwa nini wenye ndege wawe na njia na wenye basi wakose.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Vizuri. Lakini bima hulipa hospitali. Nauli na malazi ya mgonjwa viandikwe navyo, la sivyo tumebadilisha rangi ya karatasi tu.

Nanyi wanaume hamtaoshwa kwa kuilaumu serikali peke yake. Wapo wanaomkatalia mke ruhusa ya kwenda kupimwa, eti ataonwa na daktari wa kiume. Wapo wanaosambaza maneno kwamba chanjo inafunga kizazi. Haifungi! Nchini ilianza kutolewa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mdogo wako wa kike amechanjwa? Muulize mama leo. Dada yako amefika miaka 30? Mpeleke, umlipie bodaboda. Anayeishi na VVU asingoje umri huo, maana hatari kwake ni kama mara sita.

Sasa tufanye kazi. Namtaka kila mmoja ataje zahanati ya kata yake: je, yupo mhudumu aliyefundishwa kipimo cha siki, anapima siku zipi, na mtungi wa gesi ya kugandishia una gesi au ni pambo? Majibu tutayapeleka kwa madiwani kwa maandishi, kata kwa kata. Wa Makorora waanze. Wa Mikanjuni wafuate.