Mguu wa Mtoto Nyuma ya Baiskeli

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli. Najua kuna anayejiuliza, muuguzi na baiskeli wapi na wapi? Ngoja kidogo, mama, utaona.

Hebu itazame barabara siku ya soko. Baba anaendesha ile baiskeli nzito tunayoiita Black Mamba. Nyuma kwenye karia amefunga mitungi miwili ya maji, mmoja kila upande, au gunia la mahindi, na juu ya mzigo huo ameketishwa mtoto wa miaka minne, miguu inaning'inia. Mimi mwenyewe nilibebwa hivyo na mjomba wangu nikienda shule, kwa hivyo sikuja hapa kuwaambia muache baiskeli. Mtatumia nini? Ninachotaka tuangalie ni ile miguu inayoning'inia.

Miaka yangu ya kwanza kazini nililetewa mtoto wa kike wa miaka mitano. Alikuwa amebebwa na kaka yake, akasinzia njiani, mguu ukaingia kwenye spoki, zile nyaya nyembamba za gurudumu. Nilipoutazama niliona kisigino kimechubuka, damu kidogo, uvimbe si mkubwa. Nilisafisha, nikafunga bandeji, nikamwambia nyanya yake amrudishe baada ya wiki moja. Walirudi siku ya saba kama nilivyosema. Nilipofungua ile bandeji, ngozi ya nyuma ya kisigino ilikuwa imekuwa nyeusi na inanuka, na chini yake kano lilikuwa linaonekana. Alipelekwa hospitali kubwa, ngozi iliyokufa ikakatwa, akatolewa ngozi ya paja akapandikizwa pale. Muhula mzima hakwenda shule. Nyanya hakunilaumu. Lakini mimi nilijua kwamba ningemwambia arudi siku ya pili, tungeliona mapema.

Kwa nini kidonda kidogo hivyo kilete balaa kubwa? Gurudumu likizunguka huuvuta mguu na kuubana kati ya spoki na kile chuma cha fremu kinachoshuka hadi katikati ya gurudumu. Hapo mguu hukatwa kama kwa mkasi, na wakati huohuo hupondwa kama kwa mchi. Ngozi ya nyuma ya kisigino ni nyembamba na haina nyama chini yake. Mishipa midogo ya damu ikipondwa, ngozi hufa polepole, siku mbili, tatu, na zaidi. Siku ya kwanza inaweza kukudanganya, kama ilivyonidanganya mimi.

Sasa, mguu ukinaswa, ufanye nini? Kwanza baiskeli isimame kabisa. Usiuvute mguu kwa nguvu, hata mtoto akilia namna gani, kwa maana kuuvuta ndiko kunakochuna ngozi. Mmoja amshike mtoto asijitupe, mwingine ainue gurudumu la nyuma na kulirudisha nyuma taratibu. Ukikataa kutoka, tafuta fundi mwenye koleo akate spoki. Spoki hununuliwa dukani, mama.

Mguu ukishatoka, vua kiatu polepole. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka ili mchanga na grisi vitoke. Funika kwa kitambaa safi. Kama damu inabubujika, kandamiza juu ya kitambaa na usiachilie. Mlaze mtoto, uinue mguu kidogo, kisha muende kituo cha afya siku hiyohiyo. Msipake mafuta ya taa, kahawa, dawa ya meno wala majani. Na tafadhali, msimpeleke kukandwa. Mfupa wa mtoto unaweza kuwa umevunjika bila wewe kuuona, na kuukanda ni kuuvuruga zaidi. Kama hawezi kukanyaga chini, huyo anahitaji kupigwa picha ya mfupa.

Beba na kile kijitabu chake cha kliniki. Muuguzi atataka kuona kama alimaliza zile sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ndani yake mna kinga ya pepopunda, na kidonda cha barabarani kimejaa udongo.

Halafu mrudishe kesho yake au kesho kutwa akaangaliwe tena, hata kama hujaambiwa. Ukiwa nyumbani, bonyeza ukucha wa kidole cha mguu ulioumia hadi uwe mweupe, kisha uachilie. Rangi inapaswa kurudi upesi, sawa na kwenye mguu mzima. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, usingoje siku ya miadi. Vivyo hivyo ukiona ngozi inakuwa nyeusi, ukisikia harufu mbaya, au mtoto akishikwa na homa.

Nirudi kwenye baiskeli yenyewe, maana hapo ndipo tunaweza kulizuia jambo hili kwa gharama ndogo. Chukua mtungi wa zamani wa plastiki uliopasuka, ukate vipande viwili vipana. Mwambie fundi avifunge kwa waya kila upande wa gurudumu la nyuma, kwenye vyuma vya karia na vya fremu, visiguse gurudumu. Kipande kishuke hadi pale mguu wa mtoto unapofika. Gunia peke yake halifai, linaning'inia na kuingia kwenye cheni. Kisha mwombe aweke vyuma vya kukanyagia, vya kimo cha mtoto, si vya mtu mzima. Miguu ikiwa na pa kukaa, haitembei ovyo. Mvishe viatu vilivyofunika kisigino. Ndara hutoka kwanza, halafu mguu huifuata.

Akae akitazama mbele, mguu huku na mguu huku, si upande mmoja kama wanavyokaa akina mama waliovaa rinda. Akisinzia, shukeni mtembee. Na mtoto ambaye hawezi kukaa wima mwenyewe na kushikilia, huyo si wa karia kabisa. Hata ukiwa unaisukuma baiskeli kwa mkono, gurudumu linazunguka na spoki zinauma vilevile.

Mtoto na mzigo visichanganywe. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20, miwili ni kilo 40, na yote imekaa nyuma. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na mkipanda kilima usukani hauskii. Mtungi uliojaa nusu ni mbaya zaidi, maji yanachezacheza na kuiyumbisha baiskeli. Ukimweka mtoto juu ya haya yote, akianguka anaanguka kutoka juu sana. Kama ni lazima, leta maji kwanza, halafu urudi kumchukua mtoto. Najua ni safari mbili. Mzigo nao ufungwe chini na karibu na tandiko, kwa mpira wa tyubu, na ncha za mpira zifichwe zisije zikaingia kwenye spoki.

Kuhusu pikipiki nitasema machache, maana muda unanitupa mkono. Spoki zipo pia kwenye pikipiki nyingi, na nguvu zake si za baiskeli. Zaidi ya hapo kuna bomba la moshi, ambalo kwa kawaida liko upande wa kulia, kwa hivyo mtoto apandishwe na kushushwa kushoto. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi, si ya barafu, kwa dakika 20, kisha mpeleke kituoni. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, ingawa sote tunaona watoto watatu wakipelekwa shule kwa moja. Nawe mama unayebeba mtoto mgongoni, kunja ncha za leso uzikalie. Leso ikinaswa na gurudumu inawavuta wote wawili.

Jioni ya leo, baiskeli ikirudi nyumbani, iinamie uitazame pale nyuma. Kama spoki ziko wazi, mtume mtu kwa fundi kesho asubuhi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuharisha na namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.