Kuzima Taa Si Kutengeneza Gari

Dominika ya 30 ya Mwaka C
Masomo: Yoshua bin Sira 35:12-14, 16-18, 2 Timotheo 4:6-8, 16-18, Luka 18:9-14

Injili ya leo inatuonyesha watu wawili waliokwenda hekaluni kusali. Mmoja ni Mfarisayo, mtu wa dini, mwenye kufunga na kutoa zaka kwa uaminifu. Wa pili ni mtoza ushuru, mtu asiyependwa na jirani zake. Tena Bwana wetu anatufundisha kwamba aliyerudi nyumbani akiwa na haki mbele ya Mungu ni yule wa pili. Kwa nini? Sala zote mbili zilisaliwa mahali pamoja, kwa Mungu mmoja. Tofauti ilikuwa wapi?

Ili tupate jibu, natumia mfano wa kitu kidogo ambacho siku hizi kimeingia mikononi mwa wenye magari wengi hapa Arusha na kandokando ya Mlima Meru. Ni kile kifaa cha kupimia gari, ambacho ukubwa wake ni kama simu ya mkononi. Wengine hukiita skana, wengine husema tu mashine ya kupimia.

Zamani dereva aliposikia injini inakohoa alifungua boneti, akasikiliza, akanusa, akagusa. Magari mengi ya leo, yakiwemo mengi yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, huongozwa na kompyuta. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwenye sensa nyingi: joto la maji, hewa inayoingia, moshi unaotoka katika ekzosi. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Gari huyatambua hayo na kurekebisha kipimo cha mafuta, wala dereva hana habari. Lakini inapoona jambo haliendi sawa, kompyuta huwasha taa ya njano yenye umbo la injini, na kuandika katika kumbukumbu yake namba ya hitilafu.

Mwaka 1996 Marekani iliagiza kwamba magari madogo mapya yote yawe na mfumo mmoja wa kusoma hitilafu hizo, ili kifaa cha aina moja kiweze kusoma magari ya viwanda mbalimbali. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2001, na nchi nyingine kwa nyakati zao. Ndiyo maana mwenye gari wa Sakina au wa Usa River anaweza leo kulipima gari lake mwenyewe uani kwake, kabla hajampelekea fundi. Anazima injini, anachomeka kifaa, anafungua swichi bila kuwasha injini, anangoja kidogo, kisha anasoma. Mahali pa kuchomeka, penye matundu 16, pako chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Aghalabu hapaonekani ukiwa umeketi wima. Huna budi kuinama.

Basi, ndugu zangu, hapa tunapata fundisho la kwanza. Kifaa hiki husoma gari lile tu kilimochomekwa. Ukikichomeka katika gari la jirani, utajua maradhi ya gari la jirani, na la kwako litabaki na siri zake. Mfarisayo alianza sala yake vizuri, kwa kumshukuru Mungu. Lakini mara akageuka, akaanza kusoma hitilafu za wengine: wanyang'anyi, wadhalimu, wazinzi, na hata huyo mwenziwe aliyesimama nyuma. Alitoka hekaluni akiwa na orodha ndefu ya makosa, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Wahenga wetu walisema: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Mtoza ushuru hakuwa na habari na dhambi za Mfarisayo. Aliinama, akajipiga kifua, akasoma za kwake.

Tujiulize: tunapotoka kanisani Dominika, je, mahubiri tuliyoyasikia tunamsikizia nani? Mara ngapi mume amesema, laiti mke wangu angekuwapo akasikia. Na mke akasema, leo padre amemsema mume wangu? Huko ndiko kuchomeka kifaa katika gari la mtu mwingine.

Fundisho la pili. Namba ya hitilafu si jina la ugonjwa. Namba hizo huwa na herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni mambo ya injini na gia, C ni ya breki, usukani na mengineyo ya chini ya gari, B ni ya bodi, na U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Kwa mfano, P0301 humaanisha kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo. Lakini kwa nini haichomi? Pengine plagi imechoka. Pengine koili imekufa, au nozeli imeziba. Kadhalika P0171 husema mafuta ni machache kuliko hewa. Mwenye haraka hukimbilia dukani kununua sensa ya bei kubwa, akaifunga, na kesho yake taa ikawaka tena, kumbe kosa lilikuwa mpira wa hewa uliopasuka. Kifaa humwonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Kazi ya kutafuta inabaki kuwa yake.

Makatekista wapenzi, hili ni lenu kwa namna ya pekee, kwani ninyi ndio mnaowaandaa watoto na watu wazima kwa Sakramenti ya Kitubio. Mtu huja akasema, nimekasirika mara nyingi. Ni kweli, hiyo ni namba yake. Lakini hasira hiyo inatoka wapi? Huenda ni deni analomficha mkewe. Huenda ni pombe ya jioni, au shamba la kahawa la marehemu baba yao ambalo ndugu wanagombania, na yeye anajua moyoni kwamba amechukua zaidi ya haki yake. Asipofika huko ataungama hasira kila mwezi hata azeeke, na kila mwezi taa itawaka upya. Tuwafundishe waamini wasikomee kwenye orodha ya makosa, bali waulize kila kosa limezaliwa na nini.

Fundisho la tatu ndilo zito kuliko yote. Katika kifaa hiki kuna kitufe cha kufuta. Ukikibonyeza, namba hupotea na taa huzimika. Ni rahisi mno, hata mtoto anaweza. Lakini plagi mbovu ingali mbovu, na mpira uliopasuka ungali umepasuka. Wako watu wanaouza magari na kufuta taa asubuhi ile ile mnunuzi anapokuja. Mnunuzi, ambaye pengine ameweka akiba kwa miaka mingi, anaona dashibodi safi, analipa, anaondoka kwa furaha, na kabla hajafika Makuyuni taa imewaka. Huo ni wizi, ndugu zangu, ingawa hakuna mlango uliovunjwa.

Hata hivyo kompyuta ya gari si mjinga. Baada ya kufutwa huandika kwamba vipimo vyake vya ndani bado havijakamilika. Husubiri gari liendeshwe, kwa baridi na kwa joto, polepole na kwa kasi, ndipo iseme kwamba sehemu hii na hii ni nzima. Anayejua kusoma ataona kwamba usafi ule ni wa leo asubuhi tu, haujapimwa na safari.

Na kitubio chetu je? Mungu anaposamehe, anasamehe kweli. Jambo hilo ni imani yetu na tusilitilie shaka. Lakini tunapokwenda kuungama bila nia ya kuacha, bila kurudisha tulichoiba, bila kumwomba radhi tuliyemwumiza, tunatafuta tu taa izimike ili tulale usingizi. Sura inayofuata ya Injili hii ya Luka inatuonyesha mtoza ushuru mwingine, Zakayo. Yeye hakuishia kujipiga kifua. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Huko ndiko kutengeneza gari.

Tena tujue kwamba taa hiyo ina lugha mbili. Ikiwaka na kutulia, inakuonya utafute fundi mapema. Lakini ikiwaka na kuzimika, ikipepesa, inakuambia kwamba injini inajiharibu sasa hivi, upunguze mwendo na usimame mahali pa salama. Kanisa nalo linatufundisha kutofautisha dhambi nyepesi na dhambi ya mauti. Ya kwanza tusiidharau, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili haingoji mwisho wa mwezi. Wako madereva wanaobandika karatasi nyeusi juu ya taa ili isiwasumbue. Dhamiri nayo yaweza kubandikwa karatasi nyeusi. Mwanzo inauma, halafu inazoea, mwishowe hatuioni tena.

Ndugu wasikilizaji, mambo haya si ya mtu na roho yake peke yake. Gari hubeba watu. Hapa kwetu tunakumbuka tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni katika barabara ya Arusha na Namanga, lori lilipoyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo zilitaja kushindwa kwa breki. Hatumhukumu mtu yeyote. Tunawaombea marehemu na jamaa zao. Lakini msiba ule unatudai jibu sisi tunaobaki na magari yetu. Dereva akimwambia tajiri wake kwamba breki zinavuta upande, naye tajiri akajibu, leta kwanza hesabu ya leo, breki tutaziona mwisho wa mwezi, je, hiyo si dhambi? Hiyo ni kuweka hesabu ya siku moja juu ya roho za mama, mtoto na mwanafunzi waliopanda kwa kumwamini. Rozari inayoning'inia kwenye kioo haishiki mahali pa breki. Mwenye gari asikiaye maneno haya, kesho Jumatatu asilitoe kabla halijatengenezwa. Na dereva anayeogopa kupoteza kazi, jumuiya yake ndogo ndogo isimwache peke yake.

Pia tusikitegemee kifaa kupita kiasi. Vifaa vingi vya bei nafuu husoma mambo ya injini tu. Haviwezi kukuambia kwamba tairi ni kipara, kwamba usukani umelegea, au kwamba dereva mwenyewe amekunywa. Kwa hiyo mwenye busara hujipima, halafu humpelekea fundi anayemwamini, akamwonyesha namba alizoziandika kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Ndivyo ilivyo kwa roho. Tujichunguze kila siku, lakini tusijifanye waamuzi wetu wenyewe. Mganga hajigangi. Tumwendee padre, tuseme wazi, tusifiche. Mficha maradhi, kilio humwumbua.

Mtatuuliza, tujichunguze namna gani? Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi yake ya Kiroho ambayo Papa Paulo wa Tatu aliyaidhinisha mwaka 1548, alituachia hatua tano zinazowafaa hata watoto wa Komunyo ya Kwanza. Kwanza, mshukuru Mungu kwa mema ya siku. Pili, omba neema ya kuzijua dhambi zako na kuziondoa. Tatu, pitia siku yako tangu asubuhi, saa kwa saa: mawazo, maneno na matendo. Nne, omba msamaha. Tano, kusudia kurekebisha, kwa msaada wa neema yake. Angalieni, wapenzi: hakuna hatua hata moja inayomhusu jirani, na hatua ya mwisho ni kurekebisha.

Makatekista, wafundisheni watu hatua hizi tano juma hili katika jumuiya ndogo ndogo. Dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Na kila mtu achague jambo moja, moja tu, la kutengeneza kabla ya Dominika ijayo: deni la kulipa, ndugu wa kumwendea, breki za kufunga upya.

Yoshua bin Sira anatuhakikishia leo kwamba sala ya mnyenyekevu hupenya mawingu. Mara nyingi Meru wetu amefunikwa na mawingu hata kilele hakionekani kutoka mjini, na bado mlima uko pale pale. Vivyo hivyo Mungu yuko na anatusikia, hata tunapokuwa tumeinama kwa aibu na macho yetu hayathubutu kutazama juu.

Tuombe. Ee Bwana, utuondolee kiburi cha kusoma makosa ya wenzetu. Utupe nuru ya kuyaona yetu, ujasiri wa kuyataja, na nguvu ya kuyatengeneza. Uwalinde wote walio barabarani siku ya leo, uwarudishe nyumbani salama, na uwape marehemu wa ajali raha ya milele. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia nyote Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!